Magunia Ishirini, Yote Makavu

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Ujiji nzima inajua: mahindi si makavu mpaka Bonaventura ayang'ate. Ndiye mimi huyo! Leo Selestini kaleta magunia ishirini kwa mtumbwi kutoka Sigunga. Mtu mkweli — kaniambia kabisa, Mzee, mengine yalinyeshewa njiani, chagua mwenyewe. Nikachoma gunia kwa bambo, nikatoa punje, nikatia mdomoni mbele ya watu. Ndipo nikakumbuka: magego ya kung'atia yaling'olewa Ijumaa! Ningesema nini? Nikamumunya kwa ufizi, nikafumba macho kitaalamu. "Kavu!" Gunia baada ya gunia — kavu, kavu, kavu! Honorata akataka tumwage moja tuone. Nikamwambia mke wangu hii ni biashara, si kuchambua mchele. Kichwa changu hiki!

Jumatano, 6 Novemba
Maboti ya wakimbizi kutoka Uvira, Zaire, hayakatiki. Watu wanalala popote. Mama mmoja, Anifa, ana watoto wanne na mama mkwe mgonjwa. Aliomba stoo. "Papa, hata kona tu." Nikamjibu stoo imejaa mali. Mali! Nilivyolitamka, utadhani dhahabu. Wakakaa barazani. Honorata kawapikia uji. Mimi sikubakiziwa.

Ijumaa, 8 Novemba
Stoo inanuka. Nimezamisha mkono katikati ya gunia — moto! La pili, moto. La kumi, moto. Mtaji wangu wote umo humo, sina mwingine. Nikakaa juu ya gunia nilie kidogo, likaniunguza makalio, nikainuka. Hata kulia nimeshindwa.
Nimemwambia Honorata habari ya magego. Hakugomba. Alicheka mpaka akashika ukuta. Heri angegomba.

Jumamosi, 9 Novemba
Jua! Asante Mungu. Tumeyamwaga yote juu ya maturubai, uani mpaka barabarani. Anifa na watoto wamebeba, wamegeuza, wametoa yaliyoota ukungu. Hakuna aliyewaita. Leodgar wa duka la jirani kapita, kauliza, Mzee, si ulisema makavu? Nikamjibu yanapunga upepo tu. Kaenda anacheka.
Stoo ikabaki wazi, bibi mgonjwa wakamlaza ndani. Nilijifanya sioni. Jioni wameingia wengine wa boti moja nao. Kumi na wawili. Niliendelea kutoona.

Jumapili, 10 Novemba
Misa sikwenda. Nageuza mahindi kwa miguu tangu asubuhi. Yanakauka! Honorata kanionjea punje kwa meno yake, kasema bado siku moja. Moja tu!
Saa tisa. Wingu jeusi linatoka upande wa Zaire. Yakilowa tena, basi, nimekwisha. Stoo ni moja, na humo hata pa kuweka mguu hapana.
Anifa ameliona wingu kabla yangu. Ameamsha watoto, anakunja mikeka. "Papa, sisi tunatoka. Ingiza chakula." Wawili wamembeba bibi mpaka mlangoni. Anatetemeka, yule bibi. Wala hajanyeshewa bado.
Nimesema, "Ngojeni kwanza."
Wamengoja. Honorata naye kasimama na debe mkononi, ananitazama. Wote wananitazama. Na mimi nimekimbilia daftari — mtu mzima! Matone ya kwanza yanapiga turubai, Anifa anauliza tena, Papa, tutoke ao tubaki, na mimi bado naandika