Kaye Inarudi Bila Wino Nyekundu

Mama Nkandu mupendwa, weye unayejibu barua zetu mu gazeti, munisamehe, hii barua nilipashwa kuiandika tangu miezi mbili, lakini mutoto wetu Kunda alianza kuota meno, na tena nilikuwa na haya.

Bwana yangu Kapya anatumika ku mugodi ya shaba, na chef yake, mukubwa wa kazi, alisema ule atakayejua Kingereza atapandishwa kazi, njo akaingia masomo kwa Mwalimu Gérard kila mardi, ile Jumanne, saa kumi na moja, na akirudi anachoka, ananiambia, "Mama Kunda, niandikie devoir, kazi ya mwalimu, weye uko na akili," basi naandika mu kaye yake, daftari ya masomo, mutoto mu mugongo, mupaka tulifika ku majina ya kundi, sawa famille, ni kusema jamaa, ao équipe ya mupira: kama kundi inatenda sawa muntu mumoja, verbe, neno ya kutenda, inakuwa ya mumoja, kama kila muntu anafanya yake, inakuwa ya bengi, lakini usichanganye zote mbili mu phrase moja. Ile nilielewa.

Sasa, Mwalimu Gérard bote banajua anapenda wino nyekundu kuliko chakula. Kaye ya Kapya inarudi safi. Nikashuku. Nikachanganya verbe kusudi, kwa majuma matatu: équipe anacheza na banavaa viatu. Hata alama moja, hapana! Nikauliza, "Mwalimu alisema nini?" Kapya anajibu, "Alifurahi sana." Alifurahi na nini? Na shati ya mardi anaipiga pasi yeye mwenyewe, ile siku tu.

Sitaki kumupoteza, na sitaki kuishi naye sawa polisi. Munitumie basi: jibu mbele ya mardi, maneno ya kumuambia, na kitabu ya Kingereza, hata ya zamani, ya kwangu mwenyewe.

Mutale, ku mutaa ya Kampemba

Mama Nkandu anajibu: Mutale, pole na meno ya mutoto. Lakini nawe! Pengine Kapya anaenda kwa mwanamuke. Pengine anaona haya tu kuonyesha mwandiko ya bibi yake mbele ya wenzake. Kaye haiwezi kukuambia. Na mwalimu, munamudanganya wote wawili. Siku chef atamusemesha Kingereza, utakuwa mu mufuko yake ukimunong'oneza?

Acha kumuandikia, kuanzia leo. Kitabu iko hapa ku bureau ya gazeti, kuja kuichukua. Mardi, beba Kunda, tembea na bwana yako mupaka ku mulango ya Mwalimu Gérard. Akikataa kutembea na weye, umekwisha kujibiwa. Akikubali, piga hodi, uulize kwa Kiswahili, Kapya akisikia: "Mwalimu, bwana yangu anasoma hapa?" Na usimuangalie mwalimu. Angalia uso ya Kapya.