Bunduki Fupi Uliyoniuliza, Anold

Chuno,
Mtwara.
16 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Anold,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Perth? Mgongo wako vipi, ule uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia mabomba ya kuchomelea? Wifi yangu Odete hajambo? Na wanangu wawili, bado wanaukataa ugali? Odete aliniambia baridi ya huko mwaka huu inauma. Jifunikeni, na wewe usijifanye kijana.

Sisi tupo. Shemeji yako Gaudensi bado ni dereva wa lori la makaa ya mawe pale bandarini. Akirudi jioni naona meno tu. Mikorosho imeanza kutoa maua, huko Nanyamba watu wako kwenye kupuliza dawa, na kifua changu unakijua, hakipatani na salfa. Mwanangu Zawadi amehamishiwa zahanati ya Kitaya. Anasema wagonjwa wake wengi wanavuka Ruvuma kutoka upande wa pili, na Kimakonde chake kimenyooka kuliko changu.

Najua umeshaniuliza mara tatu kwenye simu kwa nini sijibu barua yako. Nilikuwa nakwepa. Kwa simu nisingeweza, ungeisikia sauti ukajua kabla sijasema. Naandika kidogo kidogo, leo ni siku ya nne.

Nianze na hilo uliloniuliza. Unataka shotigani fupi ya wenzo, ile yenye mkono wa chini wa kukokia, ya kujifurahisha na wenzako mwisho wa wiki, kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Ukaniletea picha mbili, ukasema, wewe dada ulikuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na saba, nichagulie. Kumbe na mimi nilikuwa natafuta ya aina hiyo hiyo. Ile yangu ya zamani ni ndefu na nzito, bega limeichoka. Ndiyo maana nilipoziona picha zako nilikaa chini.

Kati ya hizo mbili, chukua ile yenye kitako cha mbao, ambayo mtutu wake ni mrefu kidogo. Nilizishika zote mbili kwa mikono yangu, ninajua ninachosema. Ile fupi kabisa inapendeza kwenye picha, lakini ni nyepesi mno. Inakupiga teke la punda, na ukiizungusha kufuata kisahani inakimbia, kisha inasimama ghafla kabla ya kisahani. Halafu kitu kifupi ni rahisi kumgeukia mtu bila wewe kujua. Angalia pia kile kishikio cha wenzo, kiwe na nafasi ya vidole vyako vyote, maana huko mnavaa glovu. Na ukikoki, usiwe na huruma: sukuma wenzo chini mpaka mwisho, rudisha mpaka mwisho. Ukifanya nusu nusu, ganda la risasi linakwama. Uzuri wake ni kwamba wenzo ukiwa chini, kila mtu pale uwanjani anaona bunduki iko wazi na hakuna hofu. Uzoee kuuacha chini.

Sasa nikueleze nilizishika wapi.

Amiri unamkumbuka, mkulima wa korosho wa Nanyamba, yule mwenye sauti nzito. Alinunua mashine ya kurusha visahani akaifunga kwenye shamba lake la nyuma, na sisi wachache wenye vibali tulikuwa tunakutana pale Jumapili ya pili ya kila mwezi. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Anold, sijui nikuelezeje nilivyokuwa nazipenda zile Jumapili. Tangu nistaafu ndilo jambo pekee nililokuwa nalifanya vizuri.

Mwezi wa tano alikuja Mustafa, muuza silaha mwenye leseni kutoka Dar, akiwa na shotigani mbili za wenzo ili tuzijaribu. Nilianza na ile fupi, sikupata kitu. Nikachukua ile ya mbao. Visahani vilivyotokea kulia nilivivunja vyote vinne. Vilivyotokea kushoto nilikuwa siambulii kitu, vinafika katikati ndipo navigundua. Nikasema ni jua.

Halafu mashine ikakwama. Amiri akapiga kelele tusimame, akaenda kuitazama kule kushoto. Mimi nilikuwa na vizibo masikioni, sikusikia. Nikakoki, nikageukia kushoto kusubiri kisahani, kidole kiko kwenye kifyatulio. Nikaona mikorosho na anga. Nakuapia, hakukuwa na mtu.

Mustafa aliurukia mtutu akausukuma juu. Ukalia hapo hapo. Majani ya mkorosho yakatuangukia vichwani.

Nilipovua vizibo Amiri alikuwa amesimama hatua kama kumi na tano kutoka kwangu. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa na hasira.

“Dada Witness,” akasema, “nimekupungia mikono yote miwili. Hukuniona?”

“Sikukuona.”

“Umenitazama usoni, dada.”

“Amiri, sikukuona.”

Nikageuza kichwa kidogo, akapotea. Nikakirudisha, akatokea, kama mtu anayetoka ukutani. Nilifanya hivyo mara tatu mbele yao wote, kama mwendawazimu. Nikaushusha wenzo, nikaiweka bunduki mezani, nikaomba maji.

Daktari wa macho anasema ni presha ya macho. Imekaa miaka mingi bila maumivu yoyote, inakula pembeni kwanza. Jicho la kushoto mshipa wake umeshakufa karibu wote. La kulia limebaki na tundu la katikati, ndilo ninaloandikia hapa. Nilimuuliza kuhusu upasuaji, miwani, hata kwenda Dar. Akaniambia, mama, kilichopotea hakirudi, dawa hii ya matone ni ya kuchelewesha tu. Gaudensi alikuwa nje ameegemea gari. Nilipomwambia alifungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena.

Nilipeleka bunduki yangu na kibali kituo cha polisi. Kijana wa kaunta akashangaa silaha ilivyotunzwa, akaniuliza mama unaacha kwa nini. Nikamwambia nimechoka. Amiri alikuja kunipa pole na kuku wawili. Hawa, mke wake, tulikutana sokoni akageuka upande mwingine. Simlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa namwelekezea mumewe mtutu kifuani.

Barua yako ilifika wiki moja baada ya hayo yote. Niliisoma nikiwa nacheka mwanzoni, kwa vile unavyojisifu. Kisha nikafika pale ulipoandika kwamba visahani vya kulia unavipata vizuri ila vya kushoto vinakushinda, na kwamba labda bunduki fupi itakuwa nyepesi kugeuza.

Anold, si bunduki.

Mkumbuke baba. Mkumbuke alivyokuwa akigonga fremu ya mlango kwa bega, akikanyaga mabakuli ya mama, akiwapita watu njiani bila salamu mpaka wakasema ana dharau. Sisi tulisema ni pombe. Mama alimfungia chupa kabatini. Alifia kitandani akiwa haoni chochote, na sisi watoto wake tulikuwa bado tunasema ni pombe. Nilipomsimulia daktari akatikisa kichwa akaniuliza, una ndugu wa tumbo moja? Nikamwambia ninaye mmoja. Akasema apimwe upesi.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani kuchagua, kapime macho. Waambie wakupime presha ya macho na wakupime unavyoona pembeni. Usiwaambie unaona vizuri. Hata mimi nilisema naona vizuri. Na mpaka upate majibu, usiguse bunduki ya mtu yeyote, wala usiendeshe gari ukiwa na watoto. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti. Nikufiche nini, sina matumaini makubwa. Ulichoandika nakijua kwa macho yangu mwenyewe. Lakini wewe una miaka arobaini na nne, mimi nilichelewa nikiwa na hamsini na saba. Labda kwako yapo ya kuokoa.

Msomee Odete barua hii yote, usirukeruke.

Umesema likizo yako uliimaliza ulipokuja kumzika mama, na kwamba nyingine ni Desemba ya mwakani. Nilimuuliza daktari kuhusu Desemba ya mwakani. Aliandika kwanza kitu kwenye karatasi, kisha akaniambia nisipange jambo kwa kuitegemea. Sikulaumu, kazi ni kazi na mkataba ni mkataba. Nimezitoa picha zako zote za zamani nimezipanga kitandani, nazitazama moja moja kwa lile tundu, nikianza na paji la uso.

Gaudensi anakusalimu sana, anasema usimjibu kwa huzuni maana hajui la kukujibu. Zawadi anawasalimu nyote na anawaulizia binamu zake. Msalimie Odete, na wanangu uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu aliyetuacha tuone mpaka hapa awafunike nyumba nzima, na atakayoyaleta ayalete taratibu.

Ukifika Mtwara, lolote litakalokuwa limetokea, usinijie kimya kimya kwa kunishtukiza kama zamani. Sema kwanza jina lako.

Dada yako akupendaye daima,

Witness