Programu ya Bi Zuhura

Ijumaa, 1 Agosti
Nimefuta vumbi kwenye printa, nimeweka karatasi za lebo, nimewasha kompyuta. Kimya. Fundi kaifungua, kanusa, katikisa kichwa. Kumbukumbu zimepona, mashine imekufa.

Alhamisi ni kliniki ya watoto wenye kifafa. Lebo zao zote hutolewa na programu aliyoandika Bi Zuhura, mfamasia aliyenitangulia hapa kituo cha afya Chumbageni. Unaingiza uzito wa mtoto, inakwambia vidonge vingapi. Nimeihamishia kwenye kompyuta mpya. Imegoma. Iliandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta, toleo la pili, na hii mpya inaelewa la tatu tu. Naogopa. Mimi mfamasia, kompyuta nimejifunza kwa kuparamia.

Jumamosi, 2 Agosti
Siku nzima nasoma kazi yake. Mwanamke huyu! Kila hatua kaiandikia maelezo kwa Kiswahili, kama anaongea na mtu aliyeketi ubavuni. Mahali pamoja: “Mzani wa zamani ulikuwa unaongeza nusu kilo. Nimeipunguza hapa. Mkinunua mpya, futeni mstari huu.” Mzani mpya ulinunuliwa. Mstari ulishafutwa, tarehe imeandikwa.

Alijifundisha mwenyewe, wanasema, akiwa na miaka hamsini. Naona wivu kidogo.

Nimeongeza mabano kila mahali inapochapa, maana toleo jipya linayadai. Mistari arobaini na mmoja.

Jumatatu, 4 Agosti
Imekubali! Lebo zimetoka safi. Nimemwonyesha Sista Agnes, msimamizi wetu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 5 Agosti
Sina uhakika wowote.

Leo nimekuta faili nililolipuuza, jina lake “watoto wasiokuwepo”. Watoto kumi na wawili wa kubuni, uzito wao, na majibu aliyoyakokotoa Bi Zuhura kwa mkono. Nimewapitisha kwenye programu. Tisa sawa. Watatu wamezidishiwa kidonge.

Nimekaa chini.

Sababu nimeipata baada ya saa tatu za kutafuta. Toleo la zamani likigawanya namba nzima, linatupa kibakizi: saba ukigawanya kwa mbili ni tatu. Jipya linasema tatu na nusu, halafu mstari unaochapa lebo unaipandisha kuwa nne. Hakuna onyo, hakuna kulalamika. Imekosea kwa upole kabisa. Nami nilishasema nina uhakika. Aibu.

Lakini je, kutupa kibakizi alikusudia, au ilitokea tu?

Jumatano, 6 Agosti
Nimeomba ruhusa, nimekwenda Pongwe. Bi Zuhura yuko barazani anashona, miwani imefungwa kwa uzi.

“Shikamoo, Bi Zuhura.”

“Marahaba, mwanangu. Ile mashine imekufa, eti?”

Nikamweleza yote. Hakunicheka.

“Nilikusudia,” akasema. “Tulipokuwa tukipiga hesabu kwa mkono, mtoto mmoja alizidishiwa. Alilala siku mbili. Dozi ikipungua kidogo, daktari ataona, ataongeza. Ikizidi...” Akarudi kwenye sindano yake.

Nikamuuliza wale watoto wa kubuni aliwaandika kwa nini, na programu ilikuwa inafanya kazi vizuri.

“Nilijua nitastaafu.”

Basi. Hilo tu. Mimi hata kesho yangu siiwazi hivyo.

Nimerudi saa tisa. Alama ya kugawanya nimeiandika mara mbili, ndivyo toleo jipya linavyotupa kibakizi. Mistari mitatu tu. Watoto kumi na wawili kati ya kumi na wawili, wote sawa. Nimewapitisha tena, na tena. Kisha nikaenda kwa Sista Agnes, nikamwambia jinsi nilivyokaribia kuwaumiza watoto wa watu. “Umefanya vyema kuniambia,” akasema.

Alhamisi, 7 Agosti
Kliniki. Watoto wengi, printa haikupumzika. Mama mmoja wa Muheza, binti yake hajaanguka tangu Mei. Akaisoma lebo kwa sauti: viwili asubuhi, viwili jioni. Nikaitikia kwa kichwa. Akaukunja mfuko, akambeba mwanawe, akaondoka.

Saa saba mabenchi yakawa matupu. Nimekula mihogo na Sista Agnes dirishani. Upepo mzuri.