Hapana ya Tatu

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Leo nimefokewa kwa sababu ya chai. Mimi, Bupe, mzaliwa wa Tukuyu, ambako mashamba ya chai yanaanzia uani kwa watu — naambiwa na mzungu wa Ayalandi kwamba sijui kumpa mgeni chai. Dunia hii.

Ilikuwa hivi. Kila Jumamosi Mzee Malaki anarekodi kipindi chake cha mtandaoni hapa jikoni kwake, Wheaton, Marekani. Jina lenyewe ni Malachy, ila mdomo wangu ulishakata shauri siku ya kwanza. Kipindi ni mambo ya Ayalandi tu. Siasa, historia, baa gani imefungwa kijiji gani, kaskazini na kusini watapiga kura lini waungane. Analeta mgeni, wanakaa mezani, wanaongea. Kimutai, Mkenya, anakuja na maikrofoni zake kutoka Arlington. Mimi nina wiki mbili tu nyumbani kwake. Kazi yangu ni dawa, chakula na goti la mzee. Na chai, maana mikono yake inatetemeka na buli lake ni zito.

Mgeni wa leo ni profesa wa kike, Mwairishi wa kuzaliwa kulekule. Kaja kueleza tatizo la nyumba: kwamba Dublin watu wazima wenye kazi zao bado wanalala kwenye vitanda walivyolalia shule ya msingi, kwa mama, kwa sababu nyumba za kupanga hazipatikani. Nikamuuliza, chai? Akasema hapana, nisijisumbue. Basi. Nikalirudisha buli kaunta, nikalivisha kofia yake ya sufu.

Si kakataa? Kampuni iliyoniajiri ilitufundisha: mtu akisema hapana ni hapana, ukirudia unamvunjia haki yake. Mimi niliyelelewa kumsukumia mgeni sahani mpaka aombe huruma! Somo hilo nililimeza kwa taabu, lakini nililimeza.

Sasa kipindi kimeanza, profesa anaongea na macho yako kwenye buli. Sauti ikaanza kukwaruza. Mzee kamuuliza serikali ifanye nini, akajibu kwamba ni vigumu kusema. Mtu kasomea nyumba maisha yake yote, vigumu kusema.

Alipoondoka, mzee akanigeukia mwekundu. Eti nimemnyima mgeni chai ndani ya nyumba yake. Nikasema alikataa mwenyewe. Akasema bila shaka alikataa! Hapana ya kwanza ni adabu. Ya pili pia ni adabu. Ya tatu unauliza huku unamimina.

Nikauliza, na akikataa ya tatu je? Akafikiri. Hakuna Mwairishi anayekataa ya tatu, akasema, labda awe na ugomvi na nyumba hiyo.


Jumapili, 27 Aprili

Baada ya ibada nikaipeleka kesi mezani. Vumilia, ninayepanga naye, alikuwepo, na Kimutai na binti yake Lorraine.

"Sasa hapo ajabu iko wapi?" Vumilia kasema. "Hata kwetu mgeni akikubali papo hapo wanamwona ana njaa. Wewe Marekani imekuharibu, shoga yangu."

Kimutai akacheka. "Nyinyi mnapenda maneno sana. Kwetu Kericho hakuna kuuliza mtu. Umeingia, umekaa, kikombe ndiyo hiyo. Uta-refuse aje na imeshamiminwa?"

Halafu akaleta uchokozi. Eti majani ya Mzee Malaki, pakiti yenye bendera ya Ayalandi, yametoka kwao Kericho. Nikamwambia yametoka Tukuyu, ladha naijua. Tumebishana mpaka wali umepoa. Lorraine akatuambia kwa Kiingereza kwamba yeye chai haipendi, anakunywa maji ya barafu. Baba yake akakivuta kikombe alichokuwa amemmiminia, akakinywa yeye.


Jumamosi, 3 Mei

Leo nilijipanga. Sitafokewa mara mbili.

Mgeni alikuwa wakili mstaafu, tai ya kijani, pini ya kijani, soksi za kijani. Babu wa babu yake alikimbia ile njaa kuu, viazi vilipooza shambani. Nikamuuliza, chai? Hapana, asante. Nikatabasamu. Najua adabu zenu. Chai? Kwa kweli hapana. Nikainua buli, nikauliza ya tatu huku namimina, kama nilivyofundishwa. Akainua mkono. Nikamsukumia na maziwa. Maskini alinitazama, akakitazama kikombe, akakinywa chote kwa woga.

Jamani. Kumbe daktari wa moyo alimkataza chai na kahawa, ana miaka hajagusa. Na chai ya Mzee Malaki ni nzito, kijiko kinasimama. Ilipomwingia, mtu akawaka. Njaa yote kaieleza bila kupumua — meli za nafaka zinaondoka bandarini na watu wanafia barabarani, mwenye shamba, mkusanya kodi, mpaka jina la ng'ombe wa babu wa babu yake. Mzee hakupata pa kuuliza swali. Kimutai kavua vile visikilizio vyake vya masikioni, kaviweka mezani, kakunja mikono.

Nilimpima mapigo ya moyo mlangoni. Hakuna baya, Mungu ni mwema. Alisema hajawahi kuongea vizuri hivyo maishani.

Mzee Malaki alicheka mpaka nikamshika asidondoke. Yule si Mwairishi, Bupe, yule ni Mmarekani mwenye soksi! Aliyezaliwa huku hapana yake ni hapana. Nikasema mngetoa mwongozo basi. Nimemkumbuka Lorraine na maji yake ya barafu. Kumbe na Wairishi yamewakuta, watoto kugeuka Wamarekani.


Jumatano, 7 Mei

Nuala, binti wa mzee, kaja kutoka Arlington. Kanivuta kwenye chumba cha kufulia, kafunga mlango. Nikajua nafukuzwa kwa sababu ya wakili. Siyo.

Mgeni wa tarehe kumi na saba ni Fergal, kaka mkubwa wa Mzee Malaki. Anakuja kutoka Ayalandi kwenye mahafali ya mjukuu wake anayesoma huku. Nuala ndiye aliyempanga kwenye kipindi, maana vinginevyo baba yake asingekubali hata aingie. Ndugu hawa hawajasemeshana tangu Nuala akiwa tumboni. Sasa Nuala ana mvi mbili tatu.

Kisa chenyewe: miaka hiyo Mzee Malaki alikuwa hapa bila makaratasi. Wairishi wengi walikuwa hivyo, wanajenga nyumba za watu na kujificha. Mama yao akafa huko kwao. Akienda kuzika hawezi kurudi, na mke hapa mjamzito. Hakwenda. Fergal akampigia simu baada ya maziko, akamwambia neno moja tu: katika nyumba hii hakuna tena kikombe chako.

Baadaye Mzee Malaki alipata viza ya bahati nasibu, kama mimi. Angeweza kwenda. Hajakanyaga kwao mpaka leo.

Mzee kashaambiwa. Kakubali kwa sharti. Fergal atapewa kiti, maikrofoni na maji. Chai hapana. Fergal ana miaka themanini, Nuala kasema, hatavuka tena bahari hii. Halafu akalia, na mimi nikalia. Mazishi ya mama mdogo niliyaona kwa simu nikiwa zamu, betri ikazima kabla hawajamshusha. Mpaka leo kichwani mwangu mama mdogo bado yuko juu ya kaburi, hajashuka.


Jumamosi, 10 Mei

Hakuna kipindi. Mzee kasingizia goti. Goti lile nalijua mimi, halina neno.


Alhamisi, 15 Mei

Kaniambia nikienda dukani nichukue biskuti za tangawizi. Zile nene, zenye sukari juu, kaka yake anaz—

Akakata. Akasema ni za kwake yeye.

Mzee huyu tangu nimjue hali tangawizi, inampandishia kiungulia. Nimezinunua.


Jumamosi, 17 Mei

Naandika juu ya mashine ya kufulia. Mlango nimeuacha wazi kidogo, naona meza yote ya jikoni. Lazima niandike, la sivyo mikono yangu itafanya jambo.

Fergal kaja na Nuala. Mrefu, kainama, pua ileile ya mdogo wake. Joto la leo na kavaa koti zito! Nikataka kumpokea, akasema hakai sana. Nuala akasema anatafuta pa kuegesha gari, akatoka. Gari lilikuwa limeegeshwa tayari.

Wale wawili hawakupeana mikono. Nikaweka glasi ya maji mbele ya mgeni. Ndivyo nilivyoagizwa. Fergal akaitazama glasi, akalitazama buli kaunta na kofia yake ya sufu, akaelewa. Mimi niliona aibu mpaka masikioni. Nimekuja kujificha huku.

Mada ni nani aliondoka na nani alibaki. Walianza kistaarabu, kama watu wawili benki. Fergal anasema shule ya kijiji ina watoto wa kuhesabu. Vijana wote Australia. Wauguzi wanapanda ndege wakiwa na vyeti mkononi, na hospitalini yeye anahudumiwa na binti kutoka India, mzuri sana, anamkemea asipokula. Kukata mboji, ule udongo wa kinamasi wanaoukausha na kuuwashia moto, sasa kuna sheria, unaweza kushtakiwa. Mzee Malaki akacheka kidogo, akajizuia.

Halafu akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yake. Nani alibeba jeneza.

Fergal akasema wanaume sita, kama kawaida. Mbele kushoto ilikuwa nafasi yako. Nilisubiri mpaka padri akaniambia tuondoke. Akabeba jirani.

Kimutai hakuzima mashine. Namuona, kidole kiko kwenye kitufe na hakibonyezi.

Mzee Malaki kasema alikuwa juu ya paa la mtu Silver Spring saa ile, anapigilia misumari. Alihesabu tofauti ya saa ili ajue wako kanisani. Alipigilia mpaka bosi akamwuliza kama ana kichaa. Fergal kageuzia uso dirishani.

Nimewasha birika la umeme. Liko huku kwangu? Hapana, liko kaunta, nilinyoosha mkono tu kupitia mlangoni, hawakuniona. Sijavunja sharti. Kuchemsha maji si kumpa mtu chai.

Sasa hivi, sasa hivi hii. Mzee Malaki kasema, bila kumwangalia: Utakunywa chai?

Fergal: Hapana.

Nimeacha kupumua. Kimutai ananitazama kupitia upenyo, anafanya ishara ya kumimina. Mimina tu, sister, mwekee! Kwao ndivyo. Namtikisia kichwa. Hii siyo yangu, wala ya Kericho.

Mzee anaisogeza sahani ya biskuti. Fergal kaziona zile za tangawizi. Amezitazama kwa muda. Mkono umetoka mfukoni, umerudi.

Mzee: Kikombe kimoja tu, si utakunywa?

Fergal: Usijisumbue.

Ya pili hiyo. Na kifungo cha juu cha koti amekifungua. Au kilikuwa wazi? Sikumbuki, Mungu wangu, kwa nini sikuangalia.

Mzee Malaki hasemi. Midomo inacheza, haitoki kitu. Sema, mzee. Umenifundisha mwenyewe, sema.

Birika limejizima — tak. Wote wawili wamelisikia. Fergal hakugeuka, lakini pia hakuinuka.

Kaunta iko mbali na kiti chake. Buli ni zito. Mikono ile haibebi hata kikombe kilichojaa, na mimi ndiye nilipwaye kubeba. Nimeshika kitasa.

Nimekiachia.

Mzee anasimama. Fimbo kaiacha kitini, anaelekea kaunta.