Masikio Hayakutani

Jumatatu, 3 Machi

Mkutubi alikuja studio asubuhi, anataka picha ya pasipoti. Nikamwambia ainue kidevu, ashushe bega, asicheke. Akacheka. Nikapiga, nikachapisha, nikaikunja picha katikati ya pua na kuishika dirishani kwenye mwanga. Sikio moja juu, moja chini. Akauliza nafanya nini. Nikamweleza sheria ya studio hii tangu enzi za Baba: masikio yakikutana, picha imepita. Yasipokutana, unakaa tena.

Alikaa mara nne. Hakununa hata kidogo. Wakati wa kuondoka akanipa karatasi: maktaba inaandaa maonyesho ya picha, mada "Ulinganifu katika Maumbile". Mwisho wa kupokea ni Jumatano ya wiki ijayo.

Ulinganifu! Si ndiyo kazi yangu hiyo? Miaka kumi na tisa nanyoosha shingo za watu. Ua litanishinda nini? Ua halipepesi macho.

Nimemsomea Baba karatasi. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani na gazeti. Tangu kiharusi cha mwaka jana maneno yanamtoka moja moja, kila moja limepimwa. Akasema, "Mama, maumbile hayakai stulini." Kisha akafungua ukurasa wa michezo.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga studio saa nane, nikaenda kwenye kichaka nyuma ya pale wanapoosha magari. Kamera, chupa ya maji, rula. Ndiyo, rula.

Nimechuma majani thelathini na moja. Nimeyakunja yote kwenye mshipa wa katikati, moja baada ya jingine. Hakuna lililokutana! La ishirini na sita lilikaribia, halafu nikaona kiwavi ameshakula kona. Waosha magari waliacha kazi kunitazama. Mmoja akauliza kama natafuta dawa. Nikasema natafuta jani lililo sawa pande zote mbili. Akanitazama kwa huruma, akaenda kuniletea kiti.

Nimempigia mkutubi kumuuliza kwani ulinganifu ni nini hasa, maana mimi nahangaika. Hapo ndipo nilipokosea. Dakika ishirini! Kumbe kuna wa kioo, upande mmoja kumwigiza mwenzake. Kuna wa kuzunguka, kama ua ambalo ukiligeuza linabaki vile vile. Kivuli cha mti kwenye maji nacho kinakubalika. Nikauliza, na maji yakiwa kwenye ndoo? Akasema ndoo si maumbile.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi amerudi kutoka kliniki anahema, hata mkoba hajauweka chini. Baba amepata nafasi ya mazoezi ya mkono! Tumeisubiri miezi mitano. Anaanza tarehe 24. Daktari anasema vidole vinaweza kurudi, ila tusizidi kuchelewa. Sharti moja tu: kitambulisho kisiwe kimekwisha muda. Cha Baba kilikwisha Januari.

Kitambulisho kinataka picha. Baba hataki picha.

Hataki kabisa. Wiki ile aliyotoka hospitali alikigeuza kioo cha studio kitazame ukuta, kwa mkono wake mmoja mzima, na mpaka leo wateja wanachania nywele kwenye mlango wa kioo. Yeye anapita uani ili asipite mbele ya lenzi. Mtu aliyekalisha nusu ya mji huu kwenye stuli ile! Mdomo umeshuka upande wa kushoto, na jicho nalo limeufuata kidogo. Mimi nimeshazoea. Yeye hajazoea, na inaniuma.

Shangazi akamwambia bila kitambulisho hakuna mazoezi, bila mazoezi hakuna mkono. Baba akasema, "Sitaki." Shangazi akasema basi atamwingiza kliniki kama mzigo, na mzigo hauulizwi picha. Baba hakucheka.

Lakini jana nilimwona. Ameshika rimoti, televisheni imezimwa, kidole cha mkono mbovu kinabonyeza, kinapumzika, kinabonyeza. Kwa mwendo ule ule wa kupiga picha. Sikuingia chumbani.

Jumapili, 9 Machi

Nimempata! Kipepeo mkubwa, rangi ya chungwa na nyeusi, ametua juu ya ua na kuyafungua mabawa kama aliyeambiwa atulie. Nimepiga picha arobaini. Thelathini na tisa ni za ua peke yake.

Hiyo moja: bawa la kulia safi, kila doa linaonekana, ila limechanika kidogo nchani. La kushoto lina ukungu, tena limejipinda. Nimekunja. Hayakutani hata kwa kusukumana.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikakata katikati, nikatupa kushoto, nikanakili kulia, nikageuza, nikabandika. Dakika mbili. Nikachapisha, nikakunja, nikashika dirishani. Bawa juu ya bawa, pembe juu ya pembe. Nilipiga kigelegele peke yangu studio, mpaka Shangazi akaja kuuliza nani kaolewa.

Si uongo. Nimemsaidia tu, kama ninavyomnyooshea mteja kola.

Jumatano, 12 Machi

Nimepeleka. Mkutubi alishika mdomo. Akasema katika picha zote alizopokea hii ndiyo yenye ulinganifu kamili, ataitundika mlangoni, mtu akiingia aanze nayo.

Kulikuwa na fomu. "Je, picha imebadilishwa kwa namna yoyote?" Nimeweka alama kwenye Hapana. Alama ndogo sana.

Ijumaa, 14 Machi

Tarehe 24 inakuja mbio na Baba bado ni "sitaki". Nimembembeleza kwa chai, nimemnunia siku nzima, nimemtuma Shangazi amwombe kama dada. Wapi.

Kwa hiyo leo nimefanya jambo. Alikuwa anatazama habari, uso umeelekea mbele sawasawa. Nikasimama nyuma ya pazia la jikoni na lenzi ndefu, mimi mtu mzima, najificha kama mwizi wa kuku. Picha moja tu.

Upande wa kulia wa uso wake ni ule ule wa zamani. Nikakata katikati. Nikatupa kushoto. Nikanakili, nikageuza, nikabandika. Dakika mbili.

Amenitazama kutoka kwenye kompyuta mtu mtulivu, mdomo umenyooka, mdogo kwa miaka kumi. Nilitaka kufurahi. Nikaona nimeshindwa kumtazama machoni. Nimechapisha nne, nikazikata haraka. Masikio yamekutana.

Fomu ya kitambulisho Shangazi kampelekea pamoja na karatasi za kliniki, Baba katia dole gumba bila kusoma. Hata alipokuwa mzima hakuwahi kusoma fomu.

Jumatatu, 17 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Karani wa vitambulisho aliipokea picha, akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua kitambulisho cha zamani. Akauliza, taratibu kabisa, mzee ana vidoti vingapi.

Kidoti! Kile cheusi cha shavu la kulia! Nimekitazama tangu nazaliwa, ndicho nilichokuwa nakishika nikibebwa, na nimekisahau! Sasa kiko kulia na kiko kushoto, vimekaa kama taa za gari.

Nikasema kimeota kingine. Uzee.

Akauliza, "Kimeota mahali pale pale?"

Watu wawili nyuma yangu kwenye foleni wakasogea kuona. Mmoja akasema labda mzee ana pacha. Karani akanirudishia bahasha. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Picha halisi, mdomo umefungwa, mwisho Alhamisi saa sita mchana. Baada ya hapo ni maombi mapya, na maombi mapya ni miezi mitatu. Yaani kliniki watampa nafasi mtu mwingine.

Nimemwambia Shangazi peke yake. Kaapa kwamba atafunga mdomo.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa studio, kitabu juu ya goti. Niandike haraka.

Mchana nilipotoka kuchukua karatasi za printa nilikuta kiti cha Baba kitupu. Gazeti lipo, fimbo haipo. Tangu kiharusi hajawahi kuvuka geti kama si kwenda hospitali! Nikakimbia hadi barabarani na ndala. Ndipo nikawaona wanakuja, Baba na Shangazi, mwendo wa kobe, kila mmoja anadai ndiye anayemshika mwenzake. Wametoka maktaba. Maonyesho yamefunguliwa leo.

Baba akapita mlango wa mbele. Wa studio! Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavuta pumzi.

"Kipepeo wako," akasema. "Ndege alimchana kulia. Akazunguka. Akamchana kushoto. Mahali pale pale?"

Nikasema Baba, nilitaka tu yakutane.

"Lete na zangu."

Nikamtazama Shangazi. Shangazi akatazama dari. Mdomo wake ulikuwa umefungwa muda wote kwa kiapo, sijui maneno yalipitia wapi.

Nikaleta bahasha. Akazitandika picha nne mapajani, akaziangalia kwa muda mrefu. Niliogopa. Nilidhani nimemvunja. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na nusu ya mdomo wake ikapanda, nusu ikabaki ilipo. Anacheka! Sijamwona akicheka tangu mwaka jana.

"Huyu nani?" akasema. "Na mbona ana kidoti cha akiba?"

Nikalia. Nikalia kwa hasira kabisa. Nikamwambia wewe ndiye uliyenifundisha, wewe ndiye uliyesema masikio yakutane, ningefanyaje?

Akasubiri nimalize. Halafu akasema, neno moja moja, kwamba hayajawahi kukutana. Hata ya mteja mmoja, miaka yote. Mteja akikaa mara ya kwanza anabana pumzi, anakuwa na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Ukichapisha, ukakunja, ukaenda dirishani kuhangaika na masikio, anaanza kukuona huna akili. Anasahau kamera. "Ya pili ndiyo picha," akasema. "Masikio ni ya kumpotezea muda."

Miaka kumi na tisa nakunja kwa dhati! Nimewakalisha watu mara sita! Daktari wa meno wa mtaa wa pili hajarudi mpaka leo, alitoka hapa akitukana. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema alidhani najua.

Kisha akainuka. Akaenda kwenye kioo, akajaribu kukigeuza, mkono ukakataa. Shangazi akataka kumsaidia, akamwondoa kwa kiwiko. Akaacha kioo nusu kimegeuka, nusu bado. Akaenda akaketi stulini.

Nilisimama nyuma ya kamera. Nikapiga. Amebana pumzi, uso wa mtu aliyeitwa polisi.

"Kunja," akasema.

Nikachapisha, nikakunja, nikaenda dirishani. Tofauti ya unene wa kidole. Na mdomo ndiyo kabisa.

"Vipi?"

"Hayajakutana, Baba."

"Angalia vizuri."

Shangazi akasema anajisumbua bure, masikio ya kaka yake hayajakutana tangu azaliwe, la kushoto ni la bibi yao na la kulia hakuna anayejua lilitoka kwa nani. Baba akageuka kumjibu. Nikabonyeza.

Sasa inachapishwa. Printa hii inatoa picha kutoka juu kuja chini, polepole. Mkutubi amepiga simu mara mbili, sijapokea. Nitampelekea kipepeo mwenye ukungu, akimkataa shauri yake. Karani kasema mdomo ufungwe, na sijui kwenye hii umefungwa au la, sikuwa natazama mdomo.

Upara umetoka. Paji la uso. Sikio la bibi. Jicho la kulia. Jicho la kushoto, chini kidogo.

Baba anauliza kutoka stulini imefika wapi. Kakataa kushuka.

Imefika puani, Baba.

Shavu la kushoto, hakuna kitu. La kulia, kidoti. Kimoja.

Bado mdomo.