Kibao cha Mwisho cha Shemeji

Kwako Dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mdogo ameshaota lile jino lililokuwa likimliza. Mimi mwili ni mzima. Mumeo yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Juzi msimamizi alituita sisi wanne wa karakana: mimi, shemeji, mchomeleaji na fundi umeme. Alisema tanki la mabaki ya mafuta lazima lisafishwe kwa ndani, mtu mmoja ataingia, na tumchague wenyewe. Dada, lile tanki mlango wake ni tundu la kupitisha mabega tu, na harufu yake inakata kichwa hata ukiwa nje. Kila mmoja akaanza kutazama viatu vyake. Mchomeleaji ndiye aliyesema tucheze poka. Kila mtu apewe vibao kumi vya kuwekea dau, wa kwanza kuishiwa ndiye ataingia.

Tulicheza saa ya chakula, juu ya pipa lililopinduliwa. Dau letu halipandi ovyo: unaweka kibao kimoja, anayetaka kuongeza anaongeza kimoja tu. Shemeji na mimi tulikuwa tumebakiwa na saba saba, wenzetu walikuwa navyo tele. Nikagawiwa saba mbili. Wote tukaweka kimoja kimoja. Zikafunuliwa karata tatu za wote mezani: mfalme, saba nyingine, na tatu. Sasa nilikuwa na saba tatu.

Shemeji akaweka kimoja, nikajua ana mfalme. Nikaongeza. Mchomeleaji akafuata. Mezani palikuwa na kopa mbili, nikahisi naye anazo mbili na anasubiri ya tano, maana kopa tano zingenishinda, basi ilinipasa nimlipishe kwa kila hatua. Fundi umeme akatupa zake, shemeji akafuata. Karata ya nne haikuwa kopa. Shemeji akaweka, nikaongeza, wakafuata wote wawili. Ya tano nayo haikuwa kopa. Shemeji akaweka tena, mchomeleaji akasonya na kutupa hata kabla ya zamu yake.

Mpaka hapo nilicheza sawasawa, nimepiga hesabu usiku kucha sioni kosa. Kosa ni lililofuata. Shemeji alikuwa amebakiwa na kibao kimoja, na mimi viwili. Ningemfuata tu, ningeshinda na yeye angebaki mchezoni na hicho chake. Nikaongeza. Akakitazama kibao chake, akakisukuma mbele. Saba zangu tatu zikawashinda wafalme wake wawili, akawa ameishiwa, mchezo ukaishia hapo.

Jana saa nne asubuhi aliingia na kamba kiunoni, mimi nimeishika. Tulikubaliana avute mara mbili kila baada ya kitambo, kunijulisha yu salama. Akavuta mara ya kwanza, akavuta ya pili. Kisha kamba ikalegea. Nikamwita kwa jina lake, sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye chuma. Mimi na mchomeleaji tulimvuta kama gunia la mawe. Midomo ilikuwa ya kijivu.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Nilijua ana pumu. Kiwandani ameificha asifukuzwe, lakini mimi nimelala kwenu, nimemsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Nilijua, na bado niliongeza, kwa sababu niliona mchezo ukiendelea huenda nikaingia mimi. Niliogopa, Dada. Hakuna sababu nyingine.

Leo nilimkiria hayo kitandani hospitalini. Alichukua muda mrefu kupata pumzi ya kunijibu. Akasema alijua karata zangu zimemzidi, wala hakukisukuma kibao cha mwisho kwa tamaa. Alisema mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata karata zinagongana, akaona hawezi kurudi nyumbani akuambie kwamba mdogo wako kafia ndani ya tanki. Kisha akanikataza nisikuambie.

Daktari anasema usiku wa leo ndio wa kuangalia. Nakaa kwenye benchi la nje ya mlango wake nikihesabu anavyovuta pumzi, na kila akichelewa nasimama. Panda basi la kwanza. Waache watoto kwa mama mkwe, na umsalimie. Ukifika, unipige kwanza mimi, kisha uingie kwake ukitabasamu.

Mdogo wako,
Kitinda mimba