Vioo Vinavyotoka Jasho

Sarapul, 12 Oktoba 1986

Mwanangu Rimma,

Pokea salamu za mama. Mimi mzima, ila goti na vituko vyake vya siku zote. Kifua chako je, kimepona? Huku theluji imeshaanguka mara mbili. Usiwe na wasiwasi, madirisha nimeshayaziba upepo wa baridi usiingie: pamba katikati ya vioo viwili, juu yake vile vitunda vyekundu vya pambo unavyovipenda, glasi ya chumvi ya kunyonya unyevu, kisha vipande vya magazeti na gundi ya unga kuzunguka fremu. Mwaka Mpya usijisumbue kuja, treni zitajaa.

Mama yako

Perm, 20 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru. Sasa niambie, nani alikushikia stuli? Mwaka jana nilikushikia mimi, ukanigombeza mpaka gundi ikakauka. Kwa goti hilo ulifikaje juu? Na tangu lini wewe, unayelia kila Desemba nisipokuja, ukaniambia nisije?

Binti yako, Rimma

Sarapul, 3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi umepona. Nilipanda mwenyewe, taratibu. Mbona unanihoji kama polisi? Ila vioo vinanitesa, vinatoka jasho. Kila asubuhi maji yanachuruzika, pamba imelowa, chumvi imekuwa uji, magazeti yanabanduka. Nifanyeje?

Mama yako

Perm, 11 Novemba

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi goti.

Miaka yote umeishi peke yako na vioo vyako vikavu. Jasho la kioo ni pumzi za watu, nguo zinazoanikwa ndani, sufuria za supu. Mtu mmoja hapumui kiasi hicho. Nani yumo humo ndani? Kwanza nilidhani ni tapeli anayeitaka nyumba. Sasa nawaza baya zaidi. Ni baba? Yule aliyeondoka nikiwa na miaka saba, gundi bado ya moto mezani, tukamalizia madirisha mimi na wewe, wewe unalia, mimi nakupa magazeti? Kama ni yeye, chagua. Mlango huo sitaukanyaga tena.

Rimma

Sarapul, 14 Desemba

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mwezi mzima nashika kalamu na kuiweka. Ni yeye. Alikuja Septemba, anakohoa, hana pa kwenda, nikamfungulia. Nilikuficha kwa kuogopa kukupoteza, na sasa naona nakupoteza vilevile. Usiniambie nichague. Siwezi kumtoa mtu kwenye baridi hii, na bila wewe siwezi kuishi.

Madirisha aliziba yeye, nilikudanganya. Chumba chako tu ndicho ambacho hakukigusa. Nikamwambia, "We mzee, huko kunaingia upepo, ziba!" Akanijibu, "Dirisha la Rimma sina ruhusa nalo." Sasa barafu imeganda huko mpaka ukutani, na mlango tumeufunga kwa blanketi.

Mama yako anayekungoja

Perm, 22 Desemba

Mama,

Shikamoo. Pole na baridi.

Simwamini. Mtu anaweza kuacha dirisha moja bila kuliziba ili aonekane mwema, nawe ukamwamini kama ulivyomwamini zamani. Nitamtazama kwa macho yangu mwenyewe.

Nafika Jumamosi kwa treni ya asubuhi. Chemsha gundi, pamba naleta. Dirisha langu nitaliziba mwenyewe. Asinisemeshe.

Stuli atashika yeye.

Binti yako, Rimma